Jaribio la Kiazi na Maji ya Sukari: Mwongozo Kamili wa Kupata Osmosisi Inayosomeka

Vipande vya kiazi vinatumbukizwa kwenye maji ya sukari, vinakaa, vinatolewa, vinapimwa. Maelezo yake yanaenea nusu ukurasa, na bado matokeo mengi hayasomeki: kipande kimoja kimeongezeka uzito ndani ya sukari kali, kingine kimepungua kwenye maji matupu, na grafu inapanda, inashuka, inapanda tena. Lawama hutupiwa kiazi.

Kiazi hakina kosa. Karibu kila mara tatizo liko kwenye mambo matatu: maji yaliyobaki juu ya kipande wakati wa kupima, sukari iliyochanganywa vibaya, na kutumia gramu mahali palipotakiwa asilimia. Ukiyarekebisha hayo, jaribio litakupa kitu cha maana kuliko "kiazi kimesinyaa". Litakupa ukolezi (kiasi cha sukari ndani ya mmumunyo) ule ambao kiazi hakiongezeki wala hakipungui, yaani kipimo cha hali ya ndani ya seli zake.

## Jambo la kushika kabla ya kugusa kisu

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno, wenye unene wa nanomita chache, uliojengwa kwa tabaka mbili za mafuta na protini zilizopachikwa humo. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya mafuta hayo bila shida. Maji nayo hupita, kiasi kupitia mafuta yenyewe na kiasi kikubwa kupitia protini maalumu zenye matundu, ziitwazo akwaporini. Molekuli ya sukari ni kubwa na inapenda maji kuliko mafuta, kwa hiyo haipiti hivihivi. Inahitaji protini za kuibeba, na kwa saa chache za jaribio letu kiasi kinachoingia ni kidogo cha kupuuzwa.

Basi kinachotembea kwenye jaribio hili ni maji. Maji huvuka utando kwenda pande zote mbili wakati wote, lakini mengi zaidi hutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi. Mwendo huo ndio osmosisi. Tofauti kati ya yanayoingia na yanayotoka ndiyo mizani yako itakayoipima.

## Vifaa

- Viazi mviringo 3, vigumu, visivyochipua wala kulegea.
- Sukari nyeupe ya kawaida (sukrosi), kama gramu 70.
- Maji yaliyokenekwa. Yakikosekana, tumia maji safi ya kunywa yasiyo na ladha ya chumvi.
- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Ya 0.1 inatosha kwa taabu. Ya gramu 1 haifai kabisa kwa vipande vidogo.
- Silinda ya kupimia ya mililita 50 au 100, na chombo chenye alama ya mililita 200.
- Bika au glasi 7 zinazofanana (ya saba ni ya hatua ya 9), pamoja na vifuniko au karatasi ya plastiki.
- Kisu kikali, ubao wa kukatia, rula yenye milimita.
- Karatasi laini za kunyonya maji, nyingi kuliko unavyodhani.
- Kalamu ya kuandika kwenye kioo, saa, na karatasi ya grafu.

Kama mizani nzuri haipo, jaribio halijafa. Kata vipande vyembamba vya urefu wa sentimita 5 na upime urefu badala ya uzito. Mabadiliko yatakuwa ya milimita chache tu, kwa hiyo ukataji wako uwe wa uangalifu maradufu na vipande viwe vingi zaidi.

## Hatua ya 1: Tengeneza mmumunyo mama

Mmumunyo mama ni ule mkali utakaouzimua baadaye. Unahitaji wa sukari wa moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Moli moja ya sukrosi ina gramu 342.3, hivyo kwa mililita 200 pima gramu 68.5.

Mimina sukari kwenye kama mililita 120 za maji, koroga mpaka chembe zote ziishe, kisha ongeza maji polepole hadi mmumunyo wote ufike alama ya 200.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanachukua maji mililita 200 na kutia sukari gramu 68.5 ndani yake. Sukari ina ujazo wake, kwa hiyo mchanganyiko unavimba hadi karibu mililita 240, na kile ulichokiandika "1.0" kinakuwa takriban 0.83. Kosa hilo linahamia kwenye glasi zote zilizobaki, na jibu lako la mwisho linasogea bila wewe kujua.

Kama ulitumia maji ya moto ili sukari iyeyuke haraka, acha yapoe kabisa kabla ya kujazia hadi alama. Mmumunyo wa uvuguvugu utakupa ujazo wa uongo, na ukiwa wa moto kweli utaua seli za kiazi.

Umefanikiwa ikiwa kimiminika ni angavu, hakina chembe chini, na kina joto sawa na la chumba.

## Hatua ya 2: Zimua

Andika ukolezi kwenye glasi kwanza, ndipo umimine. Kila glasi ipate jumla ya mililita 50:

- 0.0: mmumunyo mama 0, maji 50
- 0.2: mmumunyo mama 10, maji 40
- 0.4: mmumunyo mama 20, maji 30
- 0.6: mmumunyo mama 30, maji 20
- 0.8: mmumunyo mama 40, maji 10
- 1.0: mmumunyo mama 50, maji 0

Koroga kila glasi. Sukari nzito hulala chini, na bila kukoroga utakuwa na tabaka mbili ndani ya glasi moja: juu maji, chini shira. Anza kukoroga na glasi ya 0.0 ukielekea 1.0, ili kijiko kisibebe sukari kwenda kwenye maji matupu.

## Hatua ya 3: Kata vipande

Menya maganda yote. Ganda la kiazi lina tabaka la seli zenye dutu kama nta inayozuia maji, kwa hiyo kipande chenye ganda upande mmoja hakitendi sawa na kile kisicho nalo.

Kata vipande 6 kutoka kila kiazi, vyenye upana na kimo cha sentimita 1 na urefu wa sentimita 4. Kila kimoja kitakuwa na gramu 4 na kidogo. Vipande vikiwa vyembamba sana, sehemu kubwa ya seli zake inakuwa zile zilizopasuliwa na kisu. Vikiwa vinene sana, maji hayatafika katikati kwa muda ulionao.

Sasa panga hivi: kila glasi ipokee kipande kimoja kutoka kiazi cha kwanza, kimoja kutoka cha pili, na kimoja kutoka cha tatu. Viazi havifanani. Kimoja kinaweza kuwa na sukari na maji tofauti na kingine, hata vikitoka shamba moja. Ukitia vipande vya kiazi cha kwanza kwenye glasi mbili za mwanzo na vya kiazi cha pili kwenye zinazofuata, hutajua kama tofauti imeletwa na sukari au na kiazi. Hatua hii inarukwa mno, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha jaribio na mchezo.

Ili kuvitambua baadaye, viache vya kiazi cha kwanza kama vilivyo, vya pili vikate kona moja ndogo, vya tatu kona mbili. Fanya hivyo kabla ya kupima uzito.

Vipande vinavyosubiri viwe ndani ya sahani iliyofunikwa. Ukiviacha wazi vinakauka, na vikifika kwenye maji vitanywa kwanza kile vilichonyang'anywa na hewa.

Tahadhari ya kisu: kata kuelekea ubao, kamwe usikate kuelekea kiganja kilichoshika kiazi. Kiazi kilichomenywa kinateleza.

## Hatua ya 4: Futa, pima, andika

Suuza kila kipande kwa maji haraka ili kuondoa wanga na utomvu wa seli zilizopasuka, kisha kikaushe. Kilaze kwenye karatasi, kigeuze upande baada ya upande mpaka pande zote nne na ncha mbili ziguse sehemu kavu ya karatasi mara moja. Usikikamue. Ukikikamua unatoa maji ya ndani, na hayo ndiyo tunayoyachunguza.

Kwa nini msisitizo wote huu? Kipande cha gramu 4.30 kinaweza kubeba matone yenye uzito wa gramu 0.1 au zaidi juu yake. Hiyo ni zaidi ya asilimia 2, na karibu na ukolezi tunaoutafuta mabadiliko ya kweli ni madogo kiasi hicho hicho. Matone yakibaki, yanalifunika jibu lako.

Njia ya kufuta iwe ileile mwanzo na mwisho, na ifanywe na mtu yuleyule. Ukifuta kwa pupa mwanzoni na kwa makini mwishoni, utaonyesha "kupungua" ambako hakukutokea.

Andika uzito mara tu baada ya kupima. Jedwali liwe na safu za ukolezi, kiazi, uzito wa mwanzo, uzito wa mwisho, tofauti na asilimia. Vipande ni 18, na hakuna anayevikumbuka vyote kichwani.

## Hatua ya 5: Tumbukiza kwa zamu

Usitie vyote kwa pamoja. Tia vya glasi ya kwanza, subiri dakika 3, tia vya pili, na kuendelea. Mwishoni utahitaji dakika kadhaa kuvitoa, kuvifuta na kuvipima vya glasi moja. Bila zamu, glasi ya sita itakuwa imekaa muda mrefu kuliko ya kwanza.

Jambo ambalo maelekezo mengi hayalitaji: kwenye glasi za 0.8 na 1.0 vipande huelea. Mmumunyo huo ni mzito kuliko kiazi. Kipande kinachoelea kinakuwa na upande mmoja hewani, hivyo kinapoteza maji kwa mwendo tofauti na wenzake. Vikandamize kwa kipande cha wavu wa plastiki au kifuniko kidogo ili vizame vyote.

Funika glasi. Maji yakivukizwa, ukolezi unapanda huku lebo ikibaki ileile.

Tikisa kila glasi taratibu kila baada ya dakika 15 au 20. Maji yanayotoka kwenye kiazi hukaa yakikizunguka na kuzimua sukari iliyokigusa, na mwendo unapungua kabla ya wakati.

Muda: saa 1 inatosha kuona mwelekeo. Saa 2 hadi 4 hutoa namba nzuri. Ukiacha usiku kucha utapata mabadiliko makubwa zaidi, lakini weka mahali pa baridi, kwa sababu bakteria hulainisha kiazi na kuvuruga kila kitu. Maji yakiwa na utelezi au harufu, tupa uanze upya.

## Hatua ya 6: Toa, pinda, pima tena

Kabla ya mizani, tumia vidole. Shika kipande kwenye ncha na jaribu kukipinda kidogo.

Cha 0.0 kitakuwa kigumu, kinakataa kupinda, na ukilazimisha kinavunjika kwa mlio. Maji yameingia na kuusukuma utando dhidi ya ukuta wa seli. Cha 1.0 kitapinda kama mpira bila kuvunjika. Maji yametoka, shinikizo limekwisha, na utando umebanduka ukutani. Hali hiyo huitwa plazimolisisi.

Baada ya hapo futa kama ulivyofuta mwanzo na upime. Vipande vya sukari kali vinanata, kwa hiyo badilisha karatasi mara nyingi. Usivisuuze kwa maji ili kuondoa kunata, maana seli zenye kiu zitaanza kunywa hapohapo.

Vipande vilivyotumika visiliwe.

## Hatua ya 7: Hesabu kwa asilimia

Toa uzito wa mwanzo kutoka uzito wa mwisho, gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Alama ya kujumlisha au kutoa ni sehemu ya jibu. Usiifute.

Tuseme kipande kimoja kimetoka gramu 4.20 hadi 4.62. Kimeongezeka gramu 0.42. Kingine kimetoka 5.10 hadi 5.61, kimeongezeka gramu 0.51. Ukiangalia gramu, cha pili kimekunywa zaidi. Ukihesabu asilimia, vyote vimeongezeka 10 kamili. Cha pili kilikuwa kikubwa tu.

Kwa kila glasi tafuta wastani wa asilimia tatu. Kama mbili zinakaribiana na moja iko mbali sana, usiifiche. Iandike, angalia kama kipande hicho kilikuwa na ganda au kilielea, ndipo uamue.

## Hatua ya 8: Chora grafu na usome sifuri

Ukolezi uwe kwenye mstari wa mlalo, asilimia ya mabadiliko kwenye mstari wa wima. Mstari wa sifuri upite katikati ya karatasi, si chini, kwa sababu una namba chanya na hasi.

Weka nukta zako na uchore mstari laini unaopita katikati yake. Usiunganishe nukta moja baada ya nyingine kwa rula. Mahali mstari unapokata sifuri, shuka chini na usome ukolezi.

Mfano: glasi ya 0.2 imetoa +4 na ya 0.4 imetoa −6. Kutoka +4 hadi −6 ni hatua 10, na sifuri iko baada ya hatua 4. Kwa hiyo ukolezi ni 0.2 + (0.2 × 4 ÷ 10), sawa na 0.28. Kwa kiazi mviringo chenye afya, jibu kwa kawaida huwa kati ya 0.2 na 0.4. Ukipata 0.7, rudi kwenye hatua ya 1.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, geuza ukolezi huo kuwa shinikizo la osmosisi: zidisha kwa 8.31 (namba isiyobadilika ya gesi), kisha kwa joto la chumba katika kelvini. Kwa 0.28 na nyuzi 20 za Selsiasi (kelvini 293) unapata takriban kilopaskali 680. Hiyo ni karibu mara saba ya kanieneo ya hewa kwenye usawa wa bahari.

Angalia pia umbo la mstari upande wa kulia. Kutoka 0.6 kwenda 1.0 huwa haushuki kwa kasi ya mwanzo, na wengi hudhani wamekosea. Hawajakosea. Utando ukishabanduka, mmumunyo wa sukari hupenya ukuta wa seli na kujaza nafasi iliyoachwa. Seli imepoteza maji, lakini kipande kimebaki na sukari nzito ndani ya kuta zake, kwa hiyo uzito haupungui kama ungetarajia.

## Hatua ya 9: Weka kiazi kilichochemshwa

Bila hatua hii, mtu anaweza kukuuliza: utajuaje kwamba utando ndio uliofanya kazi? Kata vipande vingine vitatu, uvichemshe kwa dakika chache, vipoze, vifute, vipime, uvitie kwenye glasi nyingine ya 1.0. Joto limeharibu tando zote, hivyo sukari sasa inaingia na maji yanatoka bila kizuizi. Ulegevu na kushuka kwa uzito kama kule kwa vipande vibichi hakutatokea kwa mtindo uleule. Linganisha namba hizo na za vipande vibichi.

## Matokeo yakikataa

Vyote vimeongezeka, hata kwenye 1.0. Hukufuta vizuri mwishoni, au sukari ilibaki chini ya mmumunyo mama bila kuyeyuka.

Vyote vimepungua, hata kwenye maji matupu. Vilikuwa na maji juu ulipopima mwanzo, au ulivikamua mwishoni.

Mabadiliko ni madogo kila mahali. Muda ulikuwa mfupi, vipande ni vinene, au mizani haina uwezo.

Vipande vitatu vya glasi moja vinatofautiana sana. Ukubwa haulingani, kimoja kilielea, au umechanganya alama za kona.

## Sentensi za kuandika na za kuacha

Usiandike "sukari iliingia kwenye kiazi kikasinyaa". Kingeingiwa na sukari kingekuwa kizito. Andika kwamba maji yalitoka kwenye seli kwenda kwenye mmumunyo wenye ukolezi mkubwa zaidi, kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia sukari.

Usiandike kwamba kwenye sifuri "maji yaliacha kutembea". Yanatembea bado, ila kiasi kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Na usilazimishe usafirishaji amilifu kwenye maelezo yako. Huo hutumia nishati ya seli kusukuma vitu kutoka penye uchache kwenda penye wingi, kama mizizi inavyochukua ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za madini kutoka udongoni. Osmosisi haitumii nishati hiyo, na jaribio hili halina namna ya kuionyesha.

Ukirudia kwa chumvi ya mezani, punguza ukolezi: anza na mmumunyo mama wa moli 0.5 kwa lita, yaani gramu 5.84 ndani ya mililita 200, na uuzimue kwa vipimo vilevile. Chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa ayoni mbili, kwa hiyo sifuri itaangukia karibu nusu ya ukolezi ulioupata kwa sukari. Hapa usizidishe saa 2, kwa kuwa ayoni za chumvi huanza kuingia ndani ya seli mapema kuliko sukari.